Sikio Lililoliwa na Jua

Jua la Bujumbura si rafiki wa mpiga picha. Mji huu uko nyuzi 3 na ushei tu kusini ya Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi hata mlingoti wa bendera ukakosa kivuli. Katika saa kama hiyo kiboko wa mto Rusizi huonekana mfano wa jiwe jeusi lililotupwa juu ya bati linalong'aa. Jicho la binadamu huviona vyote viwili, jiwe na bati, kwa sababu hujirekebisha upesi. Kamera haina uwezo huo. Yaipasa kuchagua kimoja, na kile isichokichagua hukipoteza.

Askari polisi mmoja, mkazi wa Buyenzi, aliyajua hayo yote, na hata hivyo alipiga picha zake saa sita u nusu mchana wa Oktoba. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, ruhusa yake ilikuwa ya siku moja, na mwenye mashua alichelewa akitafuta petroli. Basi akaingia na kamera ya kuazima katika delta ya Rusizi, magharibi ya mji, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hakwenda kujistarehesha. Alikuwa ametumwa na baba yake.

Mzee huyo alikuwa mvuvi wa ndagala. Usiku mmoja, zaidi ya miaka 20 iliyopita, kiboko aliupindua mtumbwi aliokuwamo pamoja na mdogo wake. Yeye aliogelea mpaka kwenye matete. Mdogo wake hakuonekana tena akiwa hai. Kabla karabai haijazama, mzee aliona jambo moja: sikio la kushoto la mnyama yule lilikuwa limepasuka katikati, kama jani la mgomba lililochanwa na upepo. Tangu usiku huo hakukanyaga tena chombo cha majini. Sasa aliposikia kwamba kiboko mwenye sikio bovu ameonekana mtoni, alimwita mwanawe.

"Nenda ukanitazamie, mwanangu. Macho ninayo bado. Miguu ndiyo inayoyakataa maji."

Kiboko hula nchi kavu usiku, na wengine huingia hata katika mitaa ya Bujumbura iliyo karibu na ziwa. Mchana hujificha majini, akiacha juu macho, pua na masikio tu. Kwa hiyo askari alirudi nyumbani na masikio mengi. Katika picha moja alikuwapo dume mkubwa aliyejitenga na kundi, sikio lake la kushoto limeielekea kamera, limelowa na linametameta.

Usiku huo alikwenda kwa jirani yake, fundi wa picha za harusi mwenye kompyuta, wakaanza kazi.

Kusafisha picha ya jua kali huanza kwa kushusha, si kwa kupandisha, na wengi hukosea hapo. Mtu amwonapo mnyama amekuwa mweusi, hukimbilia kuongeza mwanga wa picha nzima, na maji ambayo tayari ni meupe yakawa matupu kama karatasi. Askari alipunguza kwanza ule mng'ao peke yake, na viwimbi vikarudi juu ya maji. Kisha akainua vivuli, kidogo kidogo, mpaka mikunjo ya shingo ikajitokeza. Bahati yake ni kwamba kamera ilikuwa imehifadhi picha ghafi. Picha ya kawaida iliyokandamizwa huwa na ngazi 256 tu kwa kila rangi kutoka weusi hadi weupe. Picha ghafi ya biti 14 huwa na ngazi 16,384, na humo kivuli huficha mambo mengi ambayo macho hayakuyashuku. Hata hivyo, kivuli kikiinuliwa kupita kiasi huota chenga za rangi, na mnyama akaonekana kama amepakwa majivu. Alirudi nyuma mara mbili.

Jirani alipotaka kuuondoa wekundu uliozunguka macho, akidhani ni kosa la kamera, askari alimzuia. Ngozi ya kiboko hutoa majimaji mekundu, na mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza kwamba rangi zilizomo husaidia kumkinga na miale ya jua. Mnyama aliyejipaka dawa yake mwenyewe hana sababu ya kuvuliwa na fundi wa harusi.

Likabaki sikio. Waliushusha mng'ao mpaka mwisho, na weupe ukageuka kijivu, lakini kijivu kisicho na kitu ndani yake. Kila kitone cha kamera ni kama ndoo chini ya bomba: ikishajaa, hakuna ajuaye ni maji kiasi gani yaliyomwagika. Pale juu ya ukingo wa sikio ndoo zote zilikuwa zimejaa. Huenda palikuwa na mpasuko, huenda palikuwa na maji tu.

"Shida iko wapi?" akauliza jirani. "Kila Jumamosi mimi huwafumbua macho maharusi waliosinzia. Tulipasue hili sikio, mzee alale."

Naye hakungoja jibu. Alichukua ukingo wa sikio la kulia, akauhamisha, akauchora mpasuko na kuutia kivuli chake. Kazi ilikuwa safi mno. Askari aliitazama kwa muda mrefu, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyoanza kukumbuka kwamba kule mtoni, kutoka kwenye mashua, aliuona mpasuko ule kwa macho yake. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameandika maelezo ya mashahidi kwa miaka mingi, na aliwajua watu waliokumbuka namna hiyo.

"Futa," akasema.

Jirani akafuta, akinung'unika.

Asubuhi, mzee aliporudi kutoka sala ya alfajiri, alipewa picha. Aliisogeza mlangoni penye nuru, akaikaribisha machoni, akaiweka mbali.

"Wekundu huu ndio," akasema. "Hawa watu wa picha huwa hawauonyeshi." Kisha akaweka kidole juu ya sikio. "Na hapa peupe?"

"Hapo ni jua, Baba. Lilikuwa kali, kamera haikuandika kitu."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Baba."

Mzee alinyamaza. Mke wa askari alileta chai, ikapoa. Ndipo mzee akauliza asubuhi jua hulipiga sikio la mnyama kutoka upande gani.

"Hutokea milimani nyuma ya mji, nyuma ya mgongo wa mpiga picha," akajibu mwanawe. "Saa moja huwa bado laini. Kila unywele huonekana."

"Na mashua huondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Mzee aliikunja picha, akaitia katika mfuko wa kanzu, akaomba atafutiwe viatu visivyoteleza.