Ufuta ukiuzwa, mkumbuke binti aliye geto

Ndugu mkulima, leo tuache kidogo mbegu na viuatilifu.

Huku kwetu Lindi nakuta jambo moja kila msimu. Shule ya kata iko mbali, mzazi anampangishia binti chumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto. Anampa debe la unga na ahadi kwamba mengine yatakuja ufuta ukiuzwa mnadani. Unga unaisha kabla malipo ya AMCOS hayajaingia. Hapo ndipo anatokea bodaboda wa kumpa lifti, au mnunuzi wa kumwachia elfu tano ya mboga. Gharama za palizi tunazijua mpaka shilingi ya mwisho, ila chakula cha huyu mtoto hatukipigii hesabu.

Mfugaji makini hampandishi mtamba ambaye hajafikisha uzito, maana atakwama wakati wa kuzaa. Simlinganishi binti na ng'ombe, msinielewe vibaya, lakini nyonga ya msichana wa miaka 14 nayo haijamaliza kukua. Uchungu ukipita siku nzima bila msaada, mtoto anaweza kufia tumboni na mama akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila kuweza kuuzuia. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wasichana chini ya miaka 20. Na si wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba.

Na wewe mnunuzi unayesoma hapa, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30 tangu sheria ilipobadilishwa 2016. Wazee wakikuitia kikao cha kuyamaliza kwa mbuzi, kosa halijafutika.

Kama imeshatokea, usimfukuze nyumbani. Aanze kliniki kabla ya wiki 12, aulize mapema atajifungulia wapi, na nauli ya hospitali iwekwe kando. Akishajifungua, nenda ukaongee na mkuu wa shule. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu kurudi darasani, ingawa bado nakutana na wazazi wasioamini.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kimekodi nyumba moja kwa mabinti sita, na mama mmoja mtu mzima analala nao. Kila mzazi anapeleka unga na maharage mwanzo wa mwezi, awe ameuza au hajauza.