Jalada Alilokataa Mnunuzi

Mjomba wangu alikuwa baharia. Aliporudi Tanga kwa mara ya mwisho alikuja na sanduku la bati lenye santuri kama arobaini hivi, na gramafoni isiyo na sindano. Sindano ilivunjika safarini na nyingine haikupatikana. Kwa hiyo miaka yote ya utoto wangu, katikati ya miaka ya tisini, niliwajua Beatles, Pink Floyd na Queen kwa macho tu. Muziki wenyewe nilikuja kuusikia chuo kikuu, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa bwenini.

Utaratibu ulikuwa huu. Jumapili mchana, Mjomba akishakula, analivuta sanduku kutoka uvunguni, anatandika mkeka, sisi watoto tunakaa. Mikono imenawiwa. Anatoa jalada mojamoja, kila moja kama sentimita thelathini kwa thelathini, ukilipakata linakufunika mapaja yote. Sheria yake ilikuwa moja tu: tazama kwanza, uliza baadaye.

Abbey Road tuliipenda kwa sababu tuliielewa. Wanaume wanne wanavuka barabara, mmoja yuko peku. Binamu yangu alishikilia kwamba ndala zake zimekatika. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba tarehe 8 Agosti 1969 mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akazuia magari, na picha alizopiga zilikuwa sita tu. Sita! Sisi kazini tunapiga mia mbili za mheshimiwa akikata utepe, na kesho yake hakuna anayeikumbuka hata moja.

The Dark Side of the Moon iliniponza shuleni. Jalada jeusi, kioo cha pembetatu, mwale mweupe unaingia huku, rangi zinatokea kule. Mbele halina jina la bendi wala la albamu. Rangi nilizihesabu Jumapili nyingi: sita. Mwalimu wa sayansi aliposema upinde wa mvua una rangi saba, nilibisha mbele ya darasa zima, nikapigishwa magoti hadi kengele. Kumbe sote tulikuwa sahihi. George Hardie, aliyelichora mwaka 1973 kwa ajili ya Hipgnosis, studio ya Storm Thorgerson na Aubrey Powell, aliiacha rangi ya nili.

Lililotutisha ni lile la Wish You Were Here, la mwaka 1975. Wanaume wawili wenye suti wanapeana mikono na mmoja wao anawaka moto, lakini ametulia tuli. Tulikubaliana kwamba hiyo ni biashara ya shetani. Ule moto ulikuwa wa kweli. Ronnie Rondell, ambaye kazi yake ilikuwa kuigiza matukio ya hatari kwenye sinema, alivaa nguo ya kuzuia moto chini ya suti, na bado upepo ukamgeuzia moto usoni ukamuunguza masharubu. Leo albamu hiyohiyo ninayo kwenye simu, jalada lake mraba mdogo kama stempu. Naligusa muziki uanze, basi. Hata sitazami.

Halafu kuna A Night at the Opera ya Queen, nayo ya mwaka 1975. Jalada jeupe pee, katikati nembo: simba wawili, kaa, vibinti viwili vyenye mabawa, na juu yao ndege mkubwa. Mjomba alitueleza kwamba wale wanyama ni nyota za wanamuziki, kama zile za kwenye magazeti: Simba wawili, Kaa mmoja, Mashuke mmoja. Akaongeza kwamba aliyeibuni nembo hiyo ndiye mwimbaji wao, Freddie Mercury, aliyesomea uchoraji London, na kwamba ni mtoto wa Unguja, amezaliwa hapohapo ng'ambo mwaka 1946.

Hilo la Unguja halikunitoka. Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja Mjomba akiwa sokoni nikalitoa lile jalada, nikachukua kalamu ya bluu, na kwenye ule weupe wa chini nikachora bahari na jahazi. Niliona mtu wa Unguja hawezi kukaa mbali namna hiyo bila chombo cha kumrudisha kwao.

Mjomba alilitazama kwa muda mrefu. "Mjomba," aliniambia, maana tuliitana hivyo, mjomba kwa mjomba, "hili si daftari." Basi. Jumapili iliyofuata sanduku halikutoka. Wala iliyofuata. Baadaye nikahamia Dar kusoma, na jambo lile hatukulizungumza tena.

Alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, binamu zangu wakaamua santuri ziuzwe, na mimi, eti kwa kuwa ndiye mtu wa mitandao, nikatafuta mnunuzi. Alikuja na tochi. Akakagua kila pembe ya kila jalada, akipanga mafungu. Alipofika kwenye Queen akaliweka pembeni. "Hili limechafuliwa. Hata bure silichukui."

Nikalichukua mimi. Ndipo nilipogundua kwamba kati ya majalada yote, hilo peke yake lilikuwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na pembe zake zimebandikwa gundi ya karatasi ambayo sasa imegeuka njano. Huenda alikuwa analilinda dhidi ya kalamu yangu. Huenda alikuwa analilinda jahazi. Sijui.

Santuri ya ndani imepinda kwa joto, haichezeki hata sindano ikipatikana. Jalada liko ukutani juu ya meza ninapoandikia. Wageni huniuliza nani aliyechora jahazi, nami nawaeleza yote, hadi habari ya Freddie na kwao Unguja. Wote wanaijua sababu sasa, isipokuwa mtu mmoja niliyepaswa kumweleza.