Nilisoma Namba, Nikaruka Herufi

Stendi iliyopasuka mlimani niliichomelea mimi, katika karakana yangu hapa Old Moshi. Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, waliiangusha njiani. Niliwasingizia.

Mteja alitaka stendi ya paneli za sola kambini, juu ya mita 4,000. Mgumu haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, kwa hiyo kila kipande nilikipigia hesabu ya uzito. Nikajiona mjanja: nikanunua chasisi ya lori kuukuu. Chuma chake kina nguvu kuliko engo za dukani, basi hata kikiwa chembamba kitabeba. Hesabu ya mzigo ilikuwa sahihi, na mpaka leo naitetea. Sikuuliza chuma hicho kinakuwaje usiku, joto likishuka chini ya sifuri na upepo ukiitikisa stendi.

Chuma kikizidiwa hujikunja kwanza, ukapata onyo. Kisichotengenezwa kwa ajili ya baridi, kikipoa sana, hukatika ghafla kama muwa. Ndivyo ilivyokuwa Januari 1943: meli ya Marekani, Schenectady, iliyoungwa kwa kuchomelea, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini Portland. Bahari haikuwa na dhoruba.

Nami nikaongeza ya kwangu. Chasisi nyingi za malori makubwa hupewa nguvu kwa joto kiwandani. Ukizichomelea bila kuzipasha kwanza, chuma kilicho kando ya weldi hupoa haraka mno, kikawa kigumu na chepesi kuvunjika. Tena ilikuwa masika; vijiti vyangu vya E6013 vilikuwa vimevuta unyevu, na unyevu huingiza haidrojeni ndani ya chuma. Ufa ulianzia hapo hapo kando, weldi yenyewe nzima. Alama ya namna hiyo ilielekeza kwenye uchomeleaji wangu, nami nililijua hilo nikanyamaza.

Katika jina la chuma kama S355J2, 355 ni nguvu. J2 maana yake chuma kimegongwa kwa majaribio kikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kikahimili angalau jouli 27. JR hugongwa kwenye nyuzi 20 juu ya sifuri, hali ya hewa ya kwetu hapa Kidia, siyo ya kambini. Chasisi ya skrepa haina hata karatasi.

Stendi ya pili ni ya S355J2, imechomelewa kwa E7018 zilizokaushwa kwenye tanuri. Ni nzito zaidi. Ujira wa wagumu walioongezeka niliulipa mimi, na wale wa kwanza nimewaomba radhi. Fundi mwenzangu, ukipewa kazi ya huko juu, mdai muuzaji cheti cha chuma. Akikosa, usinunue.