Mizinga Ina Kumbukumbu, Ngamia Wetu Je?

Wasee, najua mlikuwa mnangoja video za bichi, mahamri na watu wakiruka majini. Zitakuja. Leo tuongee kuhusu vita kwanza.

Desemba familia yetu ilishuka Pwani: baba, mama, dada yangu mdogo, mimi na Akko. Akko ndiye nyanya kwa Kiborana. Anaishi Gotu, Isiolo, pale daraja linapovuka Ewaso Ng'iro, na hakuwa ameona bahari maisha yake yote. Ratiba nilipanga mimi. Kampasi niliacha mwaka wa pili, lakini hakuna aliyenikataza kusoma, kwa hivyo nilitaka tuone sehemu za Mombasa zenye alama za vita.

Tulianza na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yakaizingira, na wakaiteka Desemba 1698. Hebu fikiria karibu miaka mitatu ndani ya kuta zile, huku njaa na magonjwa yakimaliza watu.

Kilichonishika zaidi ni mizinga miwili ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mmoja ni wa Pegasus, meli ya Waingereza. Mwingine ni wa Königsberg, meli ya Wajerumani. Septemba 20, 1914, Königsberg iliikuta Pegasus bandarini Zanzibar ikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Julai 1915 ikawa zamu yake: Waingereza waliifuata mafichoni, kwenye delta ya Rufiji, wakaipiga, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga ya meli zote mbili ilitolewa majini ikatumika tena nchi kavu. Leo maadui hao wawili wamewekwa pamoja Fort Jesus na watu wanapiga selfi hapo.

Tukaenda pia kwenye sanamu ya kumbukumbu ya askari Waafrika, katikati ya mji. Nairobi na Dar es Salaam ziko nyingine kama hiyo. Ziliwekwa kwa heshima ya askari na wapagazi wa vita vile, wale waliobeba risasi, mahindi na majeruhi kwa mabega yao. Ukienda Kariokor kula nyama choma, jua hilo jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kariakoo ya Dar ni hivyo hivyo. Kutoka Kenya peke yake wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa.

Sasa tafuta majina yao kwenye sanamu. Hakuna hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Radhi ya zaidi ya miaka mia moja baadaye!

Nilikuwa namtafsiria Akko haya yote. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake, halafu akauliza kwa Kiborana: "Na sisi jiwe letu liko wapi?"

Nikajua anaongelea Gaaf Daba.

Kwa wale hamjui: kati ya 1963 na 1967 kulikuwa na vita kaskazini mwa Kenya, ile mnaiita Vita vya Shifta. Kulikuwa na watu waliotaka eneo lile lijiunge na Somalia, serikali ikakataa, bunduki zikaanza. Kwenye miaka ya mwisho serikali ilikusanya wafugaji kambini, kama Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mtu hakuruhusiwa kutoka kwenda malishoni atakavyo. Mifugo ilikufa kwa kukosa majani, na mingine, hasa ngamia, ilipigwa risasi. Gaaf Daba maana yake ni wakati wa kusimamishwa. Akko alikuwa msichana mdogo, Garba Tulla. Anasema aliingia kambini baba yake akiwa na ngamia, wakatoka na punda mmoja na sufuria. Hapo ndipo familia ilipoanza maisha upya Gotu.

Kenya na Somalia zikapatana Arusha Oktoba 1967. Halafu 1970 Bunge letu likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyofanya kwa jina la usalama wakati wa vita vile. Ilitaja maeneo: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Soma tena hayo mawili ya mwisho. Ni Pwani! Manze, Akko alikuwa anaiona bahari mara ya kwanza, lakini kuna watu wa hiyo hiyo bahari waliofungiwa mlango mmoja naye.

Kuna atakayesema tuache kufukua ya kale. Gotu Waborana na Waturkana tunatafuta amani ya malisho kila siku, sasa mbona nikumbushe watu vita? Naelewa. Lakini kukumbuka si kulipiza. Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo, aliuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Galma Dida. Wabera Street ya Nairobi ni jina lake, na anastahili. Mimi nasema orodha iongezwe. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimfikia Rais Mei 2013, na mateso ya kaskazini yamo. Miaka imepita, na Gotu sijaona hata jiwe lililopakwa chokaa.

Shida ni kwamba wanaojua majina wanaondoka. Msichana wa miaka kumi wakati ule sasa amepita sitini. Mpagazi wa 1916 hatumjui kwa sababu hakuna aliyemwandika wakati mama yake alikuwa hai. Sisi tuna simu zenye kamera mbili na tunazitumia kurekodi chips.

Tuliporudi nyumbani nilinunua daftari la shilingi hamsini. Jioni Akko anataja, mimi naandika: jina, jina la baba, alikufia wapi. Tumefika majina 31. Kuna mzee wa Kiturkana ng'ambo ya mto ambaye ameniambia nimfuate, ana ya kwake.

Kama una nyanya au babu kutoka Isiolo, Garissa, Lamu, popote, kaa naye wiki hii. Usianze na kamera. Anza na kalamu, na uulize majina.