Mpira Huu Unamsaidia Nani?

Katika makao ya wazee ninakofanya kazi, huku Marekani, masharti ya mpira wa mkojo (katheta) hukaririka upesi. Unanawa mikono kabla na baada, hata kama unavaa glavu. Mfuko wa mkojo unauning'iniza chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi ulikotoka, ila usiguse sakafu. Mrija unaufunga pajani, usivutike wala kujikunja. Kila siku unasafisha kwa maji na sabuni pale mrija unapoingilia mwilini, ukifuta kuelekea nje, na mfuko unaumwaga kabla haujajaa, mdomo wake usiguse chombo.

Yaliyochelewa kuniingia ni yale yasiyobandikwa ukutani. Usafi huchelewesha vijidudu tu: mpira ukikaa kama siku 30, karibu kila mgonjwa huwa navyo kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo wenye ukungu au harufu, peke yake, si sababu ya kukimbilia antibiotiki. Homa, maumivu ya kiuno au kuchanganyikiwa kwa ghafla ndivyo vya kumwitia muuguzi haraka. Basi kinga iliyo kubwa kuliko sabuni ni swali: mzee huyu bado anauhitaji mpira?

Swali hilo linanisumbua, maana najua jibu linalonifaa mimi. Mzee mwenye mpira habonyezi kengele usiku wa manane ili apelekwe chooni, wala halowanishi shuka. Zamu inakuwa nyepesi. Je, ninapokaa kimya bila kumkumbusha muuguzi swali hilo, namhurumia mzee au najihurumia?

Hata hivyo, si kila mzee anataka mpira utolewe. Wapo wanaoona afadhali mfuko uliofunikwa kitambaa pembeni ya kiti kuliko kushikwa chooni na mtu wa umri wa wajukuu wao. Nami niliyelelewa kujua kwamba mwili wa mzee ni wa kusitiriwa, nitamwambiaje kwamba anakosea? Uamuzi ni wa daktari na mgonjwa wake, lakini aibu anabaki nayo mzee peke yake.

Siku hizi, kabla ya kuugusa mpira, navuta pazia, namweleza ninachotaka kufanya, kisha nangoja aniruhusu. Wakati mwingine nadhani kwamba tungekuwa tunaitikia kengele upesi, bila kununa, wengi wasingeuona mpira kuwa afadhali. Lakini hilo nalo ni wazo la mtu ambaye bado anakwenda chooni kwa miguu yake.