Kiti cha Pili

Katika biashara zote nizijuazo, hakuna iliyo ya ajabu kama hii ya kuongoza ndege. Mteja wake hawezi kwenda duka la jirani. Rubani akishaingia katika anga ya nchi fulani ni lazima azungumze na mwongoza ndege wa nchi hiyo, apende asipende, na baadaye kampuni yake italetewa ankara. Na bidhaa yenyewe aliyouziwa ni ipi? Ni kwamba hakuna kilichotokea. Alipita salama, abiria wamelala, basi. Nani ajuaye bei ya kitu ambacho hakikutokea?

Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hadi kustaafu. Kwa hiyo nasema kama mtu aliyekikalia kile kiti, si kama mtaalamu wa uchumi.

Enzi zetu kazi hii ilikuwa idara ya serikali. Katika kituo kimoja nilichopata kufanyia kazi, ambacho sitakitaja, redio ya akiba ilikaa miezi mingi bila kipuri. Wakati huohuo ndege za kigeni zilipita juu ya vichwa vyetu kila usiku na kulipa kwa dola. Fedha hizo zilikwenda Hazina, na zikifika huko zilipanga foleni pamoja na shule, barabara na zahanati. Nani kati yetu angesimama kusema kwamba redio itangulie dawa za watoto? Lakini kampuni za ndege zilikuwa zimelipia redio, hazikulipia zahanati. Ndiyo maana sikuwahi kuungana na wenzangu waliodhani kwamba neno "biashara" likitamkwa mnarani ni balaa.

Nchi iliyotangulia katika jambo hili ni New Zealand. Tarehe 1 Aprili 1987 waliitoa kazi ya kuongoza ndege katika wizara ya uchukuzi na kuikabidhi kampuni, Airways Corporation. Hisa zote zilibaki za serikali, zikishikwa na mawaziri wawili. Sheria yao ya mwaka 1986 ilitaka mashirika ya namna hii yapate faida na ufanisi sawa na kampuni za watu binafsi. Hawa si watu wenye anga ndogo. Eneo wanalolisimamia, pamoja na bahari, ni kama kilomita za mraba milioni 30, hadi Ncha ya Kusini. Yaani zaidi ya mara 30 ya Tanzania nzima. Kampuni ilitoza ndege, ikakopa, ikanunua mitambo, na haikungoja bajeti ya Juni au Julai. Mwaka 1992 walifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kampuni yenyewe: waliunda mamlaka ya kusimamia usalama wa anga, mbali na kampuni. Muuzaji akawa huyu, mkaguzi wa mizani akawa yule. Afrika Kusini nao waliunda kampuni yao ya serikali, ATNS, mwaka 1993. Hapa kwetu Tanzania, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliyoanza mwaka 2003 imebeba kazi zote mbili, ya kuongoza ndege na ya kukagua, na nadhani si vizuri mtu mmoja kushika ndoo na kata.

Watu huniuliza ndege hutozwaje. Ulaya, mathalani, huchukua umbali wa kilomita na kuugawa kwa 100, kisha huchukua uzito wa ndege kwa tani, wakaugawa kwa 50 na kutafuta kipeuo chake cha pili. Wakizidisha hayo mawili hupata idadi ya vipimo vya kulipiwa. Kwa hiyo ndege ya tani 200 hailipi mara nne ya ile ya tani 50, bali mara mbili tu. Kwa mwongoza ndege zote ni nukta moja kwenye rada, na zote mbili humtoa jasho sawasawa.

Sasa tuje penye mashaka. Biashara ya kawaida ikikosa wateja hufunga mlango. Hii haiwezi. Uingereza iliuza sehemu kubwa ya hisa za NATS Julai 2001, ikabakiza asilimia 49. Hazikupita wiki nane, yakatokea ya Septemba 11, na safari za kuvuka Atlantiki zikapungua. Kampuni ililemewa na madeni. Mwaka 2003 serikali iliongeza pauni milioni 65, na BAA, wenye viwanja vya ndege, wakaongeza milioni 65 nyingine. Mnara hauzimwi taa kwa sababu soko ni baya. Ndege zikiwa chache, gharama ni zilezile, na hapo mhasibu huanza kutazama vitu vinavyoonekana havifanyi kazi.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege mbili ziligongana na watu 71 wakafa, wengi wao watoto wa Kirusi waliokuwa wakienda likizo. Sehemu hiyo ya anga ilikuwa ikiongozwa kutoka Zurich, na kampuni ya Uswisi ambayo karibu hisa zake zote ni za serikali. Usiku ule mwongoza ndege mmoja alikuwa peke yake akihudumia meza mbili. Mwenzake alikwenda kupumzika, kama ilivyokuwa desturi, na wakubwa waliijua. Mafundi walikuwa wakirekebisha mitambo, simu kuu zimekatwa. Mwenzao wa Ujerumani, kule Karlsruhe, aliiona hatari kwenye rada yake, akapiga simu, haikupita.

Sisemi kwamba faida ndiyo iliyoua. Desturi ile naifahamu. Ilikuwapo pia katika idara za serikali zisizojua faida ni nini. Ninachosema ni kwamba usiku, kuanzia saa sita, mtu wa pili huonekana hana kazi. Ananywa chai. Anasoma gazeti. Katika hesabu yoyote ile yeye ndiye gharama ya kwanza kupunguzwa, na usiku 300 mfululizo hesabu hiyo itaonekana sahihi.

Nina mpwa wangu mhasibu, kijana mwerevu. Nilipomweleza haya alinijibu kwa heshima, "Mjomba, kama kiti hicho ni muhimu kiasi hicho, basi kiandikwe katika gharama na ndege zikilipie."

Nikamwambia, "Kiandikwe na nani?"

"Na kampuni."

"La, na mkaguzi, mwanangu. Tena katika leseni, ili mwaka wa ukame kampuni isiweze kukifuta hata ikitaka."

Alichukua kalamu akaanza kugawa mshahara wa mtu wa zamu ya usiku kwa idadi ya ndege zinazopita. Akagawa tena, akidhani amekosea nukta. Kisha akaniuliza kama ndiyo hiyo tu.

"Ndiyo hiyo," nikamwambia. "Na chai yake."