Kiunzi, Sehemu na Neno Lililokosekana

Jioni moja nilikuwa katika duka la kompyuta katikati ya jiji la Nairobi, nikikamilisha sura ya pili ya tasnifu yangu. Nilikuwa nimechapa kurasa kumi na moja bila kuzihifadhi. Nilipochomeka flashi ili nizihifadhi, mashine nzima iliganda. Ilipowashwa upya, kurasa zangu hazikuwapo. Nilipanda matatu ya Kangemi mikono mitupu, na msongamano wa Westlands ukanipa muda wa kutosha kujilaumu.

Nyumbani nilimsimulia ndugu yangu mdogo, anayesomea kompyuta katika bewa la Chiromo.

"Kaka," akasema, "huenda ni dereva wa flashi aliyeangusha nyumba yote. Katika mifumo mingi madereva hukaa ndani ya kiini chenyewe. Mmoja akiteleza, wote huanguka."

Kisha akanionyesha mfumo endeshi mdogo wa mfano alioujenga juu ya Genode, kiunzi kilichotokana na utafiti wa chuo kikuu huko Dresden, Ujerumani, na ambacho tangu mwaka 2008 kimeendelezwa na kampuni ya Genode Labs. Chini kabisa mna kiini, kinachogawa muda wa kichakataji na kulinda mipaka ya kumbukumbu. Juu yake hukaa sehemu iitwayo core, inayoshikilia rasilimali zote mwanzoni. Hiyo humzaa init, naye init husoma orodha na kuzizaa nyingine: saa, dereva wa skrini, dereva wa kibodi, dereva wa mtandao, na Nitpicker, msimamizi wa picha zinazoonekana kwenye skrini. Kila mwana hupewa kumbukumbu kutoka fungu la mzazi wake, na hawezi kuzungumza na jirani ila mzazi aridhie.

Aliniambia niandike sentensi moja. Nilipomaliza, akamwangusha dereva wa mtandao kwa makusudi. Mawasiliano yakakatika, lakini saa iliendelea kuhesabu na sentensi yangu ikabaki palepale. Nakiri kwamba niliitazama sentensi ile kwa wivu.

"Sasa wewe ndiwe msomi wa Kiswahili," akaniambia. "Haya yote tuyaiteje?"

Nilijibu kwa fahari kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Akanikumbusha kwamba maneno hayo ni ya menyu, ya anayetumia kompyuta. Yeye alitaka maneno ya anayeijenga. Nikanyamaza, kwa maana sikuwa nayo.

Tulikesha tukiandika. Kiunzi tulikichukua kwa mafundi wa nyumba. Kiini, sehemu, mzazi na mwana hayakutusumbua. Mimi nilitaka "kiendeshi" badala ya dereva. Akacheka, akasema wenzake watadhani ni diski. Dereva akabaki.

Neno la saba lilitushinda. Ni lile la haki ambayo sehemu hushikilia ili iweze kuiita nyingine, na ambayo yaweza kumkabidhi mwenziwe. "Idhini" hutolewa, lakini haishikiki mkononi. "Ufunguo" hushikika, lakini fundi yeyote wa mtaani huuchonga mwingine.

Sura ya pili nimekwisha kuiandika upya. Nafasi ya neno la saba ingali tupu daftarini. Mwanachama mwenye pendekezo na alilete.